Agronomo Anajifunza Kusema: Historia ya Kozi Tunayoipita Mbio



Kila mtu aliyepita ku fakilte ya agronomia anaijua hii kozi. Inapewa saa chache, nyuma ya kozi nzito za udongo, jenetiki na magonjwa ya mimea. Fasi zingine inaitwa mawasiliano, fasi zingine vulgarizasyo, ni kusema kueneza maarifa ya kilimo. Ndani yake kuko ekspoze: unasimama mbele ya oditwari nzima, unaeleza jambo kwa dakika chache, wenzako wanakuuliza maulizo. Wanafunzi wengi wanaiona kama kozi ya kuokota alama tu. Mimi nimesoma agronomia mpaka lisansi, na leo nataka tuangalie hii kozi inatoka wapi. Historia yake inatugusa sisi Wakongomani kuliko tunavyofikiri.

Tuanze kwetu. Tarehe 20 Februari 1917 serikali ya wakoloni wa Ubelgiji ilitoa sheria ya kilimo cha lazima. Mkulima aliweza kulazimishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, kama pamba na mpunga, mpaka siku 60 kwa mwaka. Na munajua sababu iliyoandikwa? Ilikuwa eti ni kwa kumuelimisha! Wakati wa vita, mwaka 1942, hizo siku zilipandishwa mpaka 120. Agronomo na monitere wake walipita kijiji kwa kijiji kukagua mashamba. Yule ambaye hakulima alilipa faini ao alienda jela.

Sasa tufikiri kidogo. Agronomo wa namna ile alikuwa na haja gani ya kujifunza kusema na watu? Hakuna. Jela ilisema kwa niaba yake. Na ubaya zaidi, hakuwa na haja ya kusikia. Kama mama alimwambia kwamba pamba inamunyima muda wa kulima chakula cha watoto, lile neno halikuwa na fasi katika daftari lake.

Tusiseme kwamba sayansi haikuwa. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, na kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi, karibu na Kisangani. Ni pale ndipo Beirnaert na Vanderweyen walionyesha, mwaka 1941, namna unene wa ganda la mbegu ya muchikichi unavyorithiwa: ukichanganya dura na pisifera, unapata tenera, yenye mafuta mengi. Leo hii tenera inapandwa duniani kote, na msingi wake wa kisayansi uliwekwa kwetu. Lakini tuangalie na ile mipango ya makazi ya wakulima iliyoitwa peizana. Wataalamu walichora vipande vya mashamba na msitu kwa mustari, mwaka hadi mwaka, na wanakijiji wakawekwa ndani. Ku karatasi ilikuwa mazuri kabisa. Nyuma ya uhuru, 1960, ile mistari iliachwa. Sababu zilikuwa nyingi, vurugu na kuanguka kwa soko vilikuwamo. Hata hivyo, mpango ambao watu walipewa kama amri ulikosa wa kuulinda siku ile mwenye amri alipoenda.

Basi kozi yetu ilizaliwa wapi? Ilizaliwa fasi ambapo mkulima aliweza kusema hapana. Marekani, mwaka 1903, huko Terrell katika jimbo la Texas, mtu mmoja anaitwa Seaman Knapp aliona kwamba wakulima hawafuati maneno ya wataalamu. Hakuwa na sheria ya kuwalazimisha. Akabadilisha njia: mkulima mwenyewe, Walter Porter, alijaribu mbinu mpya ku shamba lake, kwa mikono yake, na watu wa muji wakaweka pesa za kumulipa kama angepata hasara. Majirani hawakuhitaji hotuba. Walipita, wakaona.

Miaka mitatu kisha, 1906, George Washington Carver wa chuo cha Tuskegee, huko Alabama, alianzisha gari la kukokotwa na wanyama lililobeba vyombo na mbegu mpaka kwa wakulima weusi maskini, wengi wao wana wa watumwa. Chuo kilienda kwa mkulima. Mwaka 1914 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Smith-Lever, ambayo iliwapa vyuo vya kilimo kazi ya kupeleka maarifa inje ya kuta zao. Toka hapo, kujua kueleza kukawa sehemu ya ufundi wa agronomo.

Lakini kueleza namna gani? Mwaka 1943 Ryan na Gross walitoa utafiti juu ya mahindi chotara ku jimbo la Iowa. Waliuliza wakulima 259. Wote, isipokuwa wawili, walikuwa wamekubali ile mbegu kati ya 1928 na 1941. Hata mbegu nzuri vile ilichukua zaidi ya miaka kumi! Wengi walisikia habari yake mara ya kwanza kwa wauzaji, lakini kilichowasukuma kuipanda kilikuwa neno la jirani. Everett Rogers, mtoto wa mkulima wa Iowa, alijenga juu ya tafiti za namna hiyo kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya jinsi mambo mapya yanavyoenea, na mpaka leo kinafundishwa.

Kisha akakuja Paulo Freire, Mbrazili aliyekuwa ukimbizini Chile wakati nchi ile ilikuwa inagawa upya mashamba. Mwaka 1969 aliandika kitabu kidogo kwa ajili ya waagronomo wenyewe. Aliwauliza: munaeneza, ao munawasiliana? Kwake, kueneza ni kumuona mkulima kama chombo tupu cha kujaza. Kuwasiliana ni watu wawili kuangalia shamba moja pamoja, kila mmoja na anachokijua.

Turudi nyumbani, ju hili ulizo liko hai kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mnyauko bakteria wa migomba uliingia Kivu ya Kaskazini, upande wa Masisi. Majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Shauri la kwanza la wataalamu lilikuwa kungoa shina lote pamoja na watoto wake. Wakulima wengi walikataa. Rahisi kusema ni wabishi. Lakini ukimusikiliza mama mwenye migomba, utasikia hesabu: kungoa kunaomba nguvu nyingi, na kunamaliza chakula na pesa ya nyumba kwa siku moja. Watafiti walirudi ku shamba, wakaona kwamba kukata ule mgomba mmoja uliougua, mara kwa mara, pamoja na kuondoa ua dume kwa mti wenye panda na kusafisha panga kwa moto ao jiki, kunapunguza ugonjwa sana. Mbinu ya pili ilifuatwa kirahisi zaidi. Kukataa kwa mkulima kulikuwa na habari ndani yake.

Ndiyo maana ninasema hii kozi haiko ya kujazia ratiba. Tulirithi vitu viwili kwa wakati moja: sayansi ya Yangambi na kivuli cha ile daftari ya faini. Leo hatuna jela nyuma yetu, na ni vizuri. Tunabaki na mdomo, masikio na shamba la mfano. Na kuko kikwazo kingine: memwari tunatetea kwa Kifaransa mbele ya juri, lakini mama wa migomba anasema Kiswahili, Mashi ao Kinande. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri sana na akakosa maneno ya kueleza bakteria ku soko la kijiji.

Nawapa kazi, ninyi muko bado ku oditwari. Ekspoze yenu ijayo, muitayarishe mara mbili. Moja ya profesa, kwa Kifaransa. Ingine kwa lugha ya nyumbani, na muipeleke kwa mkulima mmoja wa kweli. Mukimaliza kusema, munyamaze, mumuache aulize. Muandike maulizo yake yote, hata yale hamuna jibu. Kisha mutuandikie hapa alichouliza.

Mubaki salama.