Mashapo ya Turkana yalivyotunza kumbukumbu za sumaku ya dunia

SINDANO ya dira huelekea kaskazini kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku kubwa, inayotokana na mwendo wa chuma kilichoyeyuka katika kiini chake cha nje. Hata hivyo, mara nyingi katika historia ya dunia ncha za sumaku zimebadilishana nafasi, hivi kwamba dira ingeelekea kusini. Mageuzi makamilifu ya mwisho yalitukia yapata miaka 770,000 iliyopita.

Ushahidi umo katika mashapo. Udongo laini unapotua chini ya ziwa, chembechembe za madini ya chuma hujipanga kwa kufuata sumaku ya wakati huo. Tabaka zinapolundikana na kushikamana, mpangilio huo hubaki humo. Watafiti hukata vipande kutoka kila tabaka, wakiandika kila kipande kilielekea wapi. Katika maabara, hupashwa moto hatua kwa hatua ili kuondoa sumaku iliyoingia baadaye, kisha ile ya asili ikapimwa.

Nchini Kenya, elimu hii ilihusika katika mzozo mashuhuri. Mnamo 1972, Bernard Ngeneo wa kundi la Richard Leakey aligundua vipande vya fuvu nambari 1470 huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Fuvu hilo lilikuwa chini ya tabaka la jivu la volkano liitwalo KBS, lililokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 2.6. Uchunguzi wa sumaku uliochapishwa mwaka wa 1974 ulionekana kuafiki. Lakini visukuku vya nguruwe vilidokeza umri mdogo zaidi, na vipimo vipya vya jivu hatimaye vikathibitisha takriban miaka milioni 1.9.

Sababu ni kuwa tabaka za sumaku ni za aina mbili tu, za kaskazini na za kusini, nazo hujirudia. Anayezisoma bila alama ya uhakika ni kama anayehesabu vidato vya ngazi gizani asijue alianzia kipi.

Umri uliposahihishwa, jivu la KBS liliangukia kipindi cha sumaku ya kaskazini kiitwacho Olduvai, kwa jina la bonde maarufu la Tanzania. Sumaku huonyesha zamu. Jivu ndilo hutaja miaka.