Mwasho Usiotibu: Spiriti na Kidonda katika Historia

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba dawa isiyowasha haitibu. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, mtu mzima hukimbilia chupa ya spiriti. Mtoto hulia, na kilio chake huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba vijidudu vinakufa. Imani hiyo imetesa watoto wengi bila sababu.

Mizizi yake ni mirefu. Matabibu wa Ugiriki ya kale waliofuata mafundisho ya Hippocrates waliosha vidonda kwa divai, na katika Injili ya Luka, Msamaria mwema anammiminia majeruhi mafuta na divai. Karne ya 9, al-Kindi, mwanazuoni wa Iraki, aliandika juu ya kukeneka divai. Kufikia karne ya 12 ujuzi huo ulijulikana Salerno, Italia, na kilevi kikali kikaingia katika mikoba ya matabibu wa Ulaya. Kwa nini kilisaidia, na lini kilidhuru, hakuna aliyejua.

Mwaka 1865, mjini Glasgow, daktari wa upasuaji Joseph Lister alifunika jeraha la mvulana wa miaka 11 aliyevunjika mguu kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, na jeraha halikuoza. Polepole hospitali nyingi zikaanza kutaka kemikali ya kuulia vijidudu. Lakini mwaka 1881 mtaalamu wa bakteria Robert Koch aliijaribu alkoholi, ambayo ndiyo kiini cha spiriti, juu ya spora za kimeta, yaani maumbo magumu ambamo bakteria hujihifadhi, nazo zikabaki hai. Onyo hilo lingali na uzito leo, kwa sababu bakteria wa pepopunda nao hujihifadhi katika spora. Aliyekanyaga msumari akamiminia spiriti hajajikinga na pepopunda. Kinga yake ni chanjo.

Baadaye ikafahamika kwamba alkoholi huhitaji maji ili iue vizuri. Iliyo tupu huzigandisha haraka protini za nje ya bakteria, kisha hukauka kabla ya kumaliza kazi. Ndiyo maana chupa nyingi za duka la dawa huandikwa 70%. Mwaka 1920 kampuni ya Standard Oil ya Marekani ilianza kutengeneza aina nyingine ya alkoholi, isopropili, kutokana na gesi za mafuta ya petroli.

Hukumu juu ya dawa kali za vidonda ilitoka vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Alexander Fleming alifanya kazi chini ya mkuu wake Almroth Wright huko Boulogne, Ufaransa, katika jengo la kasino lililogeuzwa hospitali. Aliwaona askari wakifa kwa kuoza majeraha yaliyokwisha kumiminiwa dawa. Akachukua bomba la kioo, akaliyeyusha na kulivuta mpaka likawa na vichomozi vyenye uwazi ndani, mfano wa jeraha lililochanwa na kombora. Alitia humo majimaji yenye vijidudu, akayamwaga, akajaza dawa, kisha akaimwaga nayo. Vijidudu vilivyojificha ndani ya vichomozi vilinusurika. Tena aligundua kwamba dawa hizo ziliua chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili wenyewe. Wright alipendelea kusafisha majeraha kwa maji ya chumvi. Kwangu mimi, bomba lile lilistahili kutangazwa sawa na penisilini ambayo Fleming aliigundua mwaka 1928.

Spiriti haikufukuzwa, ilipewa mahali pake, yaani ngozi nzima isiyo na jeraha. Muuguzi hupaka pamba yenye spiriti kabla ya sindano na kusubiri ikauke. Kwa kusafisha mikono, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 mchanganyiko wa ethanoli 80% au isopropili 75%. Spiriti isikaribie moto wa jiko wala kibatari, maana mvuke wake hushika moto haraka. Mtoto mwenye homa asipanguswe kwa spiriti: huivuta kwa mapafu na kuifyonza kwa ngozi, na wapo walioingia katika koma kwa sababu hiyo.

Kwenye kidonda chenyewe, spiriti huua nyama hai inayojaribu kufunga. Mchubuko wa kawaida uoshwe kwa maji safi yanayotiririka mpaka mchanga wote utoke, kisha ufunikwe kwa bandeji safi. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.