Shahada ya masoko (ajira)

Shahada ya biashara yenye mchepuo wa masoko humwandaa mhitimu kutambua mahitaji ya wateja na kuyageuza kuwa mauzo. Nchini Tanzania fani hii hufundishwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965.

Wengi huanzia kwenye mauzo. Afisa mauzo wa kampuni ya vinywaji au sabuni huzunguka madukani na kwa mawakala wa jumla, huhesabu bidhaa zilizobaki rafuni, husikiliza malalamiko na kuchukua oda. Ni kazi ya jua na vumbi, lakini hakuna darasa linalomfundisha mtu soko vizuri kuliko hilo. Kutoka hapo wengine hupanda hadi umeneja wa chapa, yaani kusimamia jina la bidhaa, bei yake, ufungashaji na matangazo.

Njia nyingine ni utafiti wa soko, kazi katika wakala wa matangazo, huduma kwa wateja katika benki, na masoko ya mitandaoni. Huduma za pesa kwa simu, tangu M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, zimehitaji watu wa kusajili na kusimamia mawakala hadi vijijini.