Safu ya Lugha: Kudunduliza

Kitenzi "kudunduliza" humaanisha kuweka akiba kidogo kidogo mpaka kiasi kilichokusudiwa kitimie, na kwa sababu hiyo hubeba mambo mawili ambayo kitenzi "kuweka" peke yake hakiyabebi, yaani udogo wa kila tendo na kurudiwa kwake bila kukoma. Katika eneo kama Tosamaganga, penye misheni kongwe ya Kikatoliki karibu na mji wa Iringa, maana hiyo huonekana waziwazi, kwa kuwa nyanda hizo hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mkulima wa mahindi hupokea fedha nyingi mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno. Katika miezi mingine hutegemea mauzo madogo ya mayai, maziwa au mboga, na sehemu ya mapato hayo hutumbukizwa katika kibubu, yaani kisanduku cha mbao au cha bati chenye upenyo mwembamba juu na kisicho na mlango, ambacho hakitoi kitu mpaka kivunjwe. Kukosa mlango huko ndiko kunakomlinda mwekaji dhidi ya haja za siku moja.

Inafaa neno hili lisiachiwe fedha pekee. Mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Tosamaganga anayejisomea kurasa tano kila jioni hudunduliza maarifa, na usemi huo ni bora kuliko "kuwa na mwendelezo", unaotaja hali bila kutaja kile kinachokusanywa.