Kahawa na Karo ya Chuo

Wazee wa Kilimanjaro walipounda chama chao cha kahawa mwaka 1925, kisha Chama Kikuu, KNCU, mwaka 1933, mbuni ndio uliokuwa mlezi wa karo. Masomo ya chuo kikuu yalipoanza Dar es Salaam Oktoba 1961, kwa kitivo kimoja tu cha sheria, mzigo wake baadaye ulichukuliwa na Serikali kwa miaka mingi.

Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Kabla mkulima hajapumua, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingia utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu. Mambo mawili yakamwangukia mtu mmoja.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imesaidia wengi, nasi hatuibezi. Lakini mikopo hupimwa kwa uhitaji, na hapo ndipo mwanachama wetu wa kati hukwama. Ana nyumba ya bati na ng'ombe wawili: katika fomu si maskini, na benki haimwiti tajiri. Tena chuo hudai ada mwanzo wa masomo, Oktoba au Novemba, hali kahawa ingali ikichumwa na malipo ya pili hungoja mnada.

Katika miaka hii kumi wanachama wengi wametuagiza tuwakate kidogo katika malipo hayo, iwe akiba ya karo. Makato hayapendezi, hasa mwaka wa bei ndogo. Mkutano mkuu ujao utaamua iwapo yaanze mtoto angali darasa la kwanza.