Namba Iliyotoka kwa Wapima Watu

Mwaka 1884, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Afya mjini London, watu walilipa peni tatu ili wapimwe kimo, uzito, pumzi na nguvu za mkono. Walifika zaidi ya 9,000. Mwenye banda alikuwa Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, mtu aliyependa kupima karibu kila kitu, na kilichomshughulisha zaidi kilikuwa urithi: mtoto huchukua nini kwa wazazi?

Miaka miwili baadaye alitoa jedwali la vimo vya watoto wazima 928 wa wazazi jozi 205. Vimo vya wanawake alivizidisha kwa 1.08 vilingane na vya wanaume. Alipounganisha sehemu zenye idadi sawa, likatokea umbo la duaradufu. Hesabu yake ilimshinda, akasaidiwa na J. D. Hamilton Dickson, mwanahisabati wa Cambridge.

Lakini kazi kubwa ni ya Desemba 1888. Galton aliona kwamba ukigawanya kila kipimo kwa mtawanyiko wake wenyewe, habari ya inchi na ratili inakwisha. Inabaki namba moja tu, inayoonyesha vipimo viwili vinaendana kwa kiasi gani. Kimo na urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole: 0.8. Kimo na urefu wa kichwa: karibu 0.35. Ukivichora vipimo hivyo kama vitone, vya kwanza vimeukumbatia mstari. Vya pili vimetapakaa kama mtama uliomwagika uani.

Mwaka 1896 mwanatakwimu Karl Pearson aliipa namba hiyo fomula tunayoitumia hadi leo, yenye alama r, kuanzia -1 hadi 1.

Sifa za wawili hao zina doa. Galton ndiye mwasisi wa yujeniksi, itikadi ya kuchagua nani azae na nani asizae, na Pearson alikuwa profesa wa kwanza wa somo hilo katika University College London (UCL). Mwaka 2020 chuo kiliyaondoa majina yao kwenye majengo yake. Fomula ikabaki, na ni haki ibaki.

Udhaifu wake ni mwingine. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, zote zikiwa na r ya 0.816. Ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida. Ya pili ni mkunjo. Ya tatu ni mstari ulionyooka wenye kitone kimoja kilichoasi. Ya nne vitone vimepangana wima, kasoro kimoja kilichokaa mbali, na hicho pekee ndicho kilichozaa r yote. Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa r, dai na mchoro wake.