Jiwe la Mwanga wa Mshumaa

Agosti 2025, Taylor Swift alipotangaza uchumba wake na Travis Kelce, watu waligombania kuitazama pete. Mimi nilipata kazi. Mteja wangu wa ng'ambo, muuza vito, alinitumia ujumbe: anataka maneno elfu moja kuhusu ule mkato wa almasi, na anayataka kesho asubuhi. Hiyo ndiyo riziki yangu tangu nilipoacha chuo mwaka wa tatu, kuwaandikia watu nisiowajua kuhusu vitu nisivyoweza kununua. Nikanunua bando, nikachemsha chai ya rangi, nikaanza kusoma. Sikulala.

Wauzaji huuita old mine, yaani mkato wa migodi ya kale. Jina lenyewe lilikuja baadaye. Hadi mwanzoni mwa karne ya 18, karibu almasi zote za dunia zilitoka India. Miaka ya 1720 zikapatikana Brazil. Halafu 1867 jiwe likaokotwa Afrika Kusini, Kimberley ikachimbuliwa, na zote zilizotangulia zikawa za kale ghafla. Si unajua, hakuna anayeitwa mke mkubwa mpaka wa pili aolewe.

Sijawahi kushika hata moja. Nimeziona kwenye video tu. Umbo lake si duara wala si mraba, ni kama kamto kadogo ka kulalia. Ukitazama kutoka juu unaona kijiduara katikati, kama tundu: hiyo ni ncha ya chini iliyosagwa ikawa bapa. Almasi ghafi nyingi hutoka ardhini zikiwa kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Fundi wa enzi hiyo hakuwa na msumeno wa mota. Alisugua almasi kwa almasi, kwa mkono, kisha akaing'arisha kwenye gurudumu la chuma lililopakwa unga wa almasi na mafuta ya zeituni. Kila chembe iliyotoka ilikuwa pesa, kwa hivyo alilifuata jiwe lilivyo. Ndiyo maana huwezi kupata mawili yanayofanana kabisa.

Tena alilikatia mshumaa. Stima haikuwepo, nyuso za jiwe zikaachwa kubwa, na mwali ukitikisika jiwe linatema rangi kwa mapande: nyekundu, buluu, kijani. Za kisasa humetameta kwa vichembe vyeupe vingi, safi sana, kama taa za supamaketi. Sisi ambao stima hupotea tukiwa katikati ya ugali tungelielewa hili jiwe haraka kuliko wanaolinunua.

Kisha mashine zikaja. Miaka ya 1870 karakana ya Henry Morse kule Boston ilianza kutumia mtambo wa kuviringisha jiwe. Mwaka wa 1919 Marcel Tolkowsky, mtoto wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp, akachapisha hesabu za pembe zinazorudisha mwanga vizuri zaidi. Hapo mawe ya kale yakaanza kuonekana kama makosa, na mengi yakakatwa upya. Tabia hiyo ilikuwa na historia. Koh-i-Noor, ambayo ilikuwa na mkato wa Kihindi, Waingereza waliipata mwaka wa 1849 kwa mkataba uliotiwa sahihi na Duleep Singh, mfalme wa miaka kumi. Wakaionyesha London 1851, watu wakalalamika ati haing'ai. Mwaka uliofuata wakaikata: kutoka karati 186 hivi ikabaki 105.6. Bana, mali ya mtoto, na bado haikuwapendeza.

Aya niliyoipenda kuliko zote katika kazi ya mteja ilikuwa hii:

Almasi nyingi za mkato huu zilitoka Minas Gerais, Brazil, ambako Waafrika waliotekwa utumwani waliinama ndani ya maji wakiosha changarawe, wasimamizi wakiwakodolea macho. Msafiri Mwingereza John Mawe, aliyefika huko mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika kwamba aliyepata almasi alisimama wima, akapiga makofi, kisha akaiinua kati ya vidole viwili. Akipata ya karati 17 na nusu, yaani gramu tatu na nusu, alivishwa shada la maua na kupewa uhuru wake. Aliyepata ndogo zaidi alirudi kuinama. Brazil ilikomesha utumwa mwaka wa 1888.

Fikiria ukubwa wa mawe yaliyo kwenye pete nyingi za kale. Karati moja, mbili. Hayo ni mawe ya watu walioinama tena.

Mteja alijibu baada ya dakika ishirini. Kazi ni nzuri sana, alisema, lakini ondoa hiyo ya watumwa, wateja wetu wananunua mapenzi. Akapendekeza niweke kitu kuhusu mazingira: kwamba pete ya kale haihitaji mgodi mpya kuchimbwa. Hilo nalo ni kweli, na ni sababu nzuri ya kuipenda. Nikaliweka.

Na ile aya nikaifuta. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa siku sita na keyateka alikuwa ameshabisha mlango mara mbili. Pesa iliingia jioni hiyohiyo. Aya nilikuwa nimeinakili kwenye simu kabla ya kuifuta, na hapo juu sijabadilisha hata neno.